RUDI kwa Chaki Nyeupe

Ifahamike kwanza kwamba Kituyi alikuwa msomi. Digrii ya kwanza ya sayansi ya siasa aliipata kwa kukariri katiba za nchi ambazo hajawahi kuzikanyaga. Ya pili aliipata kwa kuandika kurasa mia moja na arobaini juu ya uchaguzi wa wadi moja, kurasa ambazo hata mshindi wa uchaguzi huo hakuzisoma. Sasa alikuwa mwaka wa sita wa uzamivu, na pale Huruma, Eldoret, alikozaliwa, watu walianza kumwita Daktari mapema, wasije wakafa kabla ya siku yenyewe kufika.

"Daktari, mgongo unaniuma," Walubengo, fundi wa masufuria, alimwambia kila asubuhi.

"Mimi si daktari wa mgongo."

"Basi ni wa nini?"

"Wa siasa."

"Si ndiyo hiyo inaniuma!"

Utafiti wake ulikuwa na swali moja: mtu hujuaje kwamba wakati wa kuhama umefika, kabla nyumba ya kwanza haijachomwa? Swali hilo hakulitoa vitabuni. Baada ya uchaguzi wa 2007 nyumba za majirani zao walioitwa wageni ziliteketea, lakini Mama Irungu, mwenye duka aliyeishi mkabala na kwao, alikuwa ameshaondoka siku mbili kabla, yeye, mwanawe na furushi moja la nguo. Mwaka wa pili akarudi, akafungua duka pale pale. Alijuaje? Hakuwahi kumwambia mtu. Kituyi alikula mandazi ya mama huyo tangu akiwa hana meno ya mbele, na bila maneno yake tasnifu nzima ilikuwa kiwiliwili bila kichwa. Hatimaye mama alikuwa amekubali kuhojiwa.

Uchaguzi wa 2022 ulikuwa umebakiza wiki tatu. Kamati ya maadili ilikuwa imesoma maombi ya Kituyi, kurasa kumi na nne, ikaridhika kwamba hatamdhuru mtu. Msimamizi wake, Profesa Wabuge, naye alikuwa amemwonya: "Kizungu kiache hapa ofisini. Milangoni mwa watu, tumia lugha yao."

Kituyi alitii. Ijumaa asubuhi alizunguka na orodha ya nyumba kumi na moja, zote za watu waliokimbia mwaka ule na kurejea. Nyingine alikuta zimefungwa, nyingine aliambiwa aje kesho. Mtafiti asiye makini angeandika daftarini tu. Yeye alikuwa na chaki mfukoni, maana alifundisha vipindi viwili katika chuo kimoja mjini, akaandika kwenye kila mlango neno la kujikumbusha mwenyewe kwamba arudi. Aliliandika kwa herufi kubwa, asilikose: RUDI. Milango ya katikati, ambayo haikuwa kwenye orodha, aliiacha safi. Sayansi haitaki kuchanganya mambo.

Jumamosi alipotoka nje, magodoro yalikuwa barabarani.

Hakuna aliyepiga kelele. Wanawake walikunja mablanketi, wanaume walifungua vitanda kwa spana. Walubengo alisimama na nyundo yake mkononi, na siku hiyo mgongo haukumuuma.

"Kumetokea nini?" Kituyi aliuliza.

"Wameandikiwa warudi kwao."

"Nani ameandika?"

"Anayeandika vitu kama hivyo huweka sahihi, Daktari?"

Kituyi akatazama mlango wa karibu. Akaiona ile R, mguu wake umerushwa mbele kama unapiga mpira. Walimu wake wote, tangu shule ya msingi, waliikemea R hiyo.

Akakimbia katikati ya barabara. "Ni mimi! Wa kurudi ni mimi!" Watu wakamtazama. Mama mmoja akavuta watoto wake ndani akafunga mlango.

Mama Irungu alikuwa akifunga masufuria kwa kamba. Pikapu iliyotumwa na mwanawe ilikuwa imewasha injini.

"Mama, ni mimi niliyeandika. Nilimaanisha mimi nirudi. Leo. Nikuhoji."

Mama akacheka mara moja, kicheko kikavu. "Miaka sita, Kituyi. Miaka sita unasomea jambo hili hili."

"Nitaifuta sasa hivi. Niamini, mama."

"Nakuamini. Wewe ni mtoto wangu. Lakini hiyo chaki imekaa hapo kutwa nzima, na kila aliyepita amesoma. Kama kuna mtu alikuwa hajui aanzie mlango gani, sasa anajua. Umechagua kumi na moja na hujakosea hata mmoja."

Karatasi ya mahojiano ilikuwa kwapani mwa Kituyi, imelowa jasho.

"Si ulikuja kuuliza?" mama akasema. "Uliza. Dereva ananingoja."

"Mwaka ule... ulijuaje?"

Mama Irungu akatazama ng'ambo, mlango wa kina Kituyi. "Mama yako aliacha kunisalimia. Miaka kumi na mbili, kila asubuhi: umeamkaje, Mama Irungu? Halafu siku tatu akanipita kama anapita mti. Siku ya tatu nikafunga nguo."

"Labda alikuwa mgonjwa."

"Labda." Akachukua kalamu, akatia sahihi pale mahali pa kukubali. "Leo amenisalimia. Andika na hilo, usimwonee."

Akapanda mbele, mkoba magotini. Pikapu ikaondoka, sufuria moja ikigonga ubavu wa gari mpaka kona.

Kituyi alipogeuka, mama yake, Mildred, alikuwa ameshika ndoo na tambara mbele ya mlango wa Mama Irungu. RU ilikuwa imeshatoka. Alikuwa akisugua DI, na chaki iliyolowa ilikuwa ikitiririka kwenye bati.

"Mama, mwaka ule ulikuwa unajua?"

Mildred akakamua tambara, akalikamua tena hata baada ya maji kuisha.

"Haya maji yamechafuka," akasema bila kugeuka. "Niletee mengine. Bado milango kumi."