Gilbert Nicol Wawili wa Gamrie

Gamrie ni kijiji kilichobanwa kati ya mwamba na bahari, na majina ya ukoo huko ni machache mno, kwa hiyo watu huitana kwa lakabu. Gilbert Nicol aliitwa Chumvi. Binamu yake, naye Gilbert Nicol vilevile, aliitwa Kengele kwa sababu ya sauti yake kanisani. Wamarekani walipojaa Aberdeen kutafuta mafuta, wote wawili waliomba kazi kwenye majukwaa ya baharini. Chumvi aliomba kwa kuwa mashua ya baba yake ilikuwa imeuzwa. Kengele alikuwa amechoka kuendesha kreni bandarini Glasgow, mbali na mkewe.

Simu ilipolia, aliyeipokea ni Isobel, mke wa Chumvi.

"Wanamtaka Gilbert Nicol," alisema, amekibana kipokeo kifuani. "Kesho asubuhi, uwanja wa helikopta. Umepata kazi."

"Kazi gani?"

"Sikuuliza. Wewe ungeuliza?"

Hangeuliza. Tangu baridi ianze alikuwa akishinda nyumbani, akipaka rangi uzio ambao ulishapakwa.

Aberdeen, karani wa kampuni alimpa ovaroli na kumtazama kwa furaha. "Umekaa sana bandarini, sivyo, Bwana Nicol?"

"Tangu utotoni."

"Na mizigo umeizoea?"

"Ndiyo maisha yangu," alijibu Chumvi, akifikiria makasha ya samaki. Hilo "Bwana" lilimshangaza. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo, hata siku ya harusi yake.

Helikopta iliwashusha juu ya jukwaa lenye kelele kama kiwanda, na hapo ndipo alipoanza kupotea. Chombo kile hakikuwa na omo wala tezi. Alizunguka akitafuta upande wa mbele, akajikuta pale pale alipotoka.

"Mbele ni wapi?" alimuuliza Archie Geddes, mchomeleaji waliyepangiwa chumba kimoja.

"Mbele ni jikoni," alisema Archie. "Fuata harufu."

Mezani aliwekewa pande la nyama lililofunika sahani nzima, asubuhi ile, na watu waliokaa upande wake wa kulia walikuwa wametoka zamu ya usiku, ndio kwanza wanaenda kulala. Chumvi akashindwa kujua awaamkie au awaage.

Bosi alikuwa Mtexas, Dwayne Purcell, aliyevuta maneno kana kwamba anayatafuna. "Nicol! Nimefurahi. Yule aliyekutangulia alikuwa hovyo kabisa. Mashine yako ile pale."

Alionyesha juu. Huko juu hakukuwa na kitu ila kreni. Chumvi akachungulia nyuma ya kreni kutafuta hiyo mashine.

"Ipi?"

"Kumbe mcheshi," alisema Purcell, akamsukuma kwenye ngazi.

Kwa nini alipanda? Hata miaka ilipopita hakuweza kumweleza Isobel. Watu wote walikuwa na uhakika kiasi kwamba alianza kujitilia shaka yeye mwenyewe. Labda kazi ilikuwa hiyo, ikasemwa simuni na Isobel hakusikia. Labda mtu hufundishwa huko huko juu.

Huko juu alikuta kiti, kioo, na vishikio vilivyofutika maandishi. Chini kabisa meli ya mizigo ilipanda na kushuka na mawimbi, mabaharia wawili wakingoja ndoana. Archie, aliyekuwa sitahani, alizungusha kidole hewani. Chumvi akadhani anasalimiwa, akampungia mkono. Archie akazungusha tena, safari hii kwa hasira. Chumvi akagusa kishikio kimoja. Mkono wa kreni ukageuka, ndoana ikabembea juu ya meli, na wale mabaharia wakajitupa chini.

Aliachia kama aliyeshika jiko la moto. Ndipo likamjia: Glasgow. Bandarini. Kengele.

Alishuka, akaenda moja kwa moja kwa Purcell. "Bosi, mimi siye."

"Siye nani?"

"Gilbert Nicol. Yaani ni mimi, lakini mnayemtaka ni mwingine."

"Huyo mwingine anaitwa nani?"

"Gilbert Nicol."

Purcell akavua kofia yake ya chuma, akamgeukia Archie. "Amegonga kichwa?"

"Hapana, bosi. Gamrie ndivyo walivyo."

Purcell alitukana kwa kirefu, na Chumvi akashukuru kwamba nusu ya matusi yale hakuyaelewa. Kisha ukungu ukashuka, helikopta zikasimama, naye akapewa ufagio, baadaye akapewa waya za kufunga mizigo, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwona amekaa bure.

Ukungu ulipoondoka, Kengele, aliyeitwa na kampuni, akafika. Chumvi alikuwa akimngoja kando ya helikopta na begi lake, tayari kurudi nyumbani.

"Ulijua?" Kengele aliuliza.

"Sikujua, ndugu yangu."

"Na ulipopanda kule juu, ulifikiri wewe ni nani?"

"Hata sijui."

Kengele akatazama bahari. "Isobel ametangazia kijiji kizima. Mama yangu alialikwa chai kusherehekea kazi yako, nami, niliyekuwa nimerudi nyumbani kutoka Glasgow, nikatumwa kununua maziwa. Sasa ukirudi leo, atawaambia nini?"

Kabla Chumvi hajajibu, Purcell aliita kwa mbali, "Nicol!"

"Naam," waliitika wote wawili.

Purcell alisimama akawatazama mmoja mmoja. "Mwenye kreni apande. Mwingine abaki na waya zake."

Chumvi alitaka kuuliza kama ameajiriwa au amesahauliwa tu, lakini helikopta ikanyanyuka. Alipogeuka, begi lake halikuwepo. Mpakiaji alikuwa ameshalitia ndani, na sasa lilikuwa likielekea Aberdeen peke yake.

Kengele aliliona hilo. Hakucheka. Alifungua begi lake, akatoa sweta nene ya sufu, akamrushia kifuani, kisha akaiendea ngazi bila kuaga. Chumvi akabaki ameishika, asijue kama amesamehewa au ameonewa huruma tu kwa ajili ya baridi. Akaivaa, mikono ikamzidi, akaikunja, akaenda kufunga waya.