Kisahani cha Tisa Tano

Kabla ya yote, nakiri kwamba mimi ndiye niliyemvisha mwanzilishi wa shule yetu, yaani sanamu yake, aproni na kofia ya mpishi, usiku wa kuamkia ziara ya wazazi. Adhabu ya kufyeka nyasi wiki mbili niliitumikia kwa heshima zote. Nasema haya ili ijulikane kwamba utani sikuuokota njiani. Nimeusomea bwenini, miaka minne.

Likizo ya Pasaka nilikaa Gisenyi, mji ulio kando ya ziwa, kwa shangazi yangu Illuminée, ambaye nyumbani sote tunamwita Tantine. Alizaliwa Goma, akasoma ng'ambo miaka tisa, akarudi na mashine moja yenye ukubwa wa friji. Aliiweka katika vyumba viwili nyuma ya gereji, kwenye barabara inayoshuka ziwani. Kazi yake ilikuwa kupaka vipande vya kioo utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ukipashwa moto hunusa gesi ya methani, ile iliyolala chini ya ziwa letu, na sindano ya kipimo husogea. Tantine alitaka watu wanaofanya kazi karibu na gesi hiyo wawe na vinusio vya bei rahisi.

Utando haupakwi kwa brashi. Kwanza hewa yote hunyonywa kutoka ndani ya mashine, kisha kisahani kilichofungwa humo hupigwa na gesi yenye umeme mpaka chembe zake ziruke na kutua kwenye kioo. Kwa kuwa kazi yake ni kupigwa, wenyewe hukiita shabaha. Chetu kilikuwa cha oksidi ya bati, cha kijivu, kikubwa kama sosa ya kikombe. Bati huchimbwa hapa nchini, na Tantine alipenda kusema kwamba huenda hili lilitoka kwetu kwenye gunia, likaenda kusoma, likarudi kwa ndege na cheti. Cheti kilisema tisa tano: usafi wa asilimia tisini na tisa, nukta, tisa tisa tisa. Katika chembe laki moja, mgeni anaruhusiwa mmoja.

Mlinzi wa tisa hizo tano alikuwa Narcisse, fundi wa maabara, mtu wa Busasamana. Alinawa hadi kwenye viwiko, akavaa glavu mbili mbili, na akatembea na kisahani kama padre anayepeleka komunyo kwa mgonjwa. Mezani palikuwa na daftari. Kila aliyegusa kisahani aliandika jina lake na alivyokigusa. Kama kimeguswa kwa mkono mtupu, kilipigwa kwanza saa tatu nzima huku vioo vimefunikwa, mpaka ngozi yake ya juu yenye uchafu iishe. Kama ukurasa ni safi, dakika kumi zilitosha.

"Mutu akishika hii kitu anaandika," Narcisse aliniambia siku ya kwanza. "Hata Tantine yako. Hata askofu."

"Na malaika, Tonton?" nikamuuliza, maana nilimwita mjomba kwa Kifaransa.

"Malaika iko na vidole?"

"Nadhani anavyo."

"Bon. Anaandika."

Siku ya Alhamisi wageni kutoka Kigali, wenye kutoa fedha za maabara, walikuwa waje kuona vinusio sita vikifanya kazi. Vikifanya, maabara ingepata miaka miwili zaidi. Visipofanya, mashine ingehamishiwa Kigali, na kazi ya Narcisse ingeishia hapo. Haya yote niliyajua. Tantine aliyasema mezani Jumapili, mbele yangu, na mimi niliitikia kwa kichwa huku nikimega mkate.

Jumanne saa sita mchana Narcisse alikwenda kuchukua vioo vilivyooshwa chumba cha pili. Mimi nilikuwa nimemaliza sambaza, vidagaa vya ziwani, wa kukaanga niliowanunua barabarani, wenye chumvi na pilipili ya kutosha. Pembeni nilikuwa na chapati niliyoikata asubuhi kwa kufuata ukingo wa sosa. Kisahani kikiwa nje ya mashine kililala ndani ya mifuko miwili. Nilifungua mfuko wa nje, nikatoa ule wa ndani wenye kisahani, nikauweka kwenye droo, na mahali pake nikatia chapati. Utani ulikuwa umekamilika. Hapo ndipo palikuwa pa kuacha.

Lakini sikuwa nimewahi kukiona kisahani kwa karibu. Nilifungua mfuko wa ndani nikakitoa. Kilikuwa kizito kuliko nilivyofikiri, na baridi. Nilikigeuza mikononi, nikakipitishia kidole gumba katikati, nikakirudisha. Labda nusu dakika. Vidole nilikuwa nimevipangusa kwenye sketi.

Narcisse akarudi, Tantine nyuma yake. Akanawa, akavaa glavu, akavaa barakoa. Akafungua mfuko kwa vidole viwili, akainama, akatoa chapati. Aliitazama muda mrefu. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Madame Illuminée, shabaha imeiva."

Tantine alicheka mpaka akajishika mbavu, na Narcisse naye akacheka, akaimega chapati na kuila glavu zikiwa bado mkononi, halafu ikabidi azitupe na kunawa upya. Nilijiona nimefanya tendo jema kwa wafanyakazi waliochoka.

Tantine akajifuta machozi. "We Belise. Ule mufuko wa ndani uliufungua?"

Ninao uso mmoja niliouzoeza kwa ajili ya matroni. Nyusi zinapanda kidogo, mdomo unatulia, unaweza kudhani nimetoka kuungama. Niliuvaa.

"Hapana, Tantine."

"Kweli?" akauliza Narcisse. "Kama uliufungua si kitu. Tutaipiga saa tatu, tutafika nyumbani magaribi, basi."

Saa tatu. Alasiri moja. Hiyo ndiyo ilikuwa gharama yote ya kusema ndiyo, na aliniwekea mezani kwa huruma. Ila walikuwa bado na kicheko usoni, na mimi sikutaka kiondoke.

"Nilihamisha mfuko tu, Tonton."

Akakitoa kisahani, akakiinua kwenye mwanga. Nilimwona akisita. Akachukua kitambaa chenye spiriti, akapangusa sehemu fulani katikati, akatazama glavu zake mbele na nyuma. Kisha akaandika jina lake kwenye daftari, jina hilo peke yake, na wakakipiga dakika kumi.

Alhamisi wageni walikuwa watatu, wenye adabu. Tantine alifungulia methani kutoka kwenye mtungi mdogo. Sindano ya kinusio cha kwanza haikusogea. Ya pili ilisogea kabla gesi haijafunguliwa, ikaendelea kucheza yenyewe. Vingine vinne havikunusa chochote. Mgeni mmoja akauliza kama umeme una shida. Narcisse akasema umeme uko sawa.

Jioni Tantine alinieleza, bila kujua anamweleza nani. Mafuta na chumvi kidogo, alisema, spiriti huyasambaza ndani ya vitundu vya kisahani badala ya kuyaondoa, na kutoka hapo yanapanda kwenye utando. Inatosha alama ya kidole. Akafungua daftari kwenye ukurasa wa Jumanne na kuusoma, ingawa ulikuwa na mstari mmoja. Nilimaliza ugali wangu. Jumamosi nilipanda basi kurudi shule, na huko nilisimulia habari ya chapati, wasichana wakacheka, na nikaisimulia tena.

Niliporudi Julai, vyumba vile viwili vilikuwa vimejaa matairi ya gereji. Nikauliza Narcisse yuko wapi.

"Kwao," Tantine alisema. Alikuwa anamenya viazi. "Nilimwambia kosa linaweza kumpata mutu yeyote. Akasema yeye si mutu yeyote, yeye ndiye alikuwa na mikono. Hakutaka hata barua ya kumuombea kazi kwingine. Anasema hawezi kumudanganya mutu."

Nikamwambia. Nilianza na maneno niliyoyapanga ndani ya basi, mazuri sana, lakini yaliisha upesi, ikabaki habari ya sambaza na kidole gumba. Tantine hakuinua macho. Kisu kiliendelea kuzunguka kiazi mpaka ganda likaanguka.

"Miye umeniambia," alisema. "Yeye je?"

Asubuhi yake nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Busasamana. Narcisse alikuwa nyuma ya nyumba, anachagua viazi vya mbegu, na mama yake, Mukarugwiza, alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao akishika mdomo wa gunia.

"Mademoiselle Chapati," alisema Narcisse, akatabasamu. Ilikuwa vigumu zaidi kwa sababu alitabasamu.

Nilimwambia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kuuliza kama fundi. Upande gani? Kidole kimoja au viwili? Chumvi ilikuwa nyingi? Nilijibu kila swali. Mwishowe akaweka kiazi chini.

"Niliona ile alama," alisema. "Nikasema glavu yangu imetoboka. Nikaona haya kuandika. Donc, miezi mitatu najiuliza nilishika nini siku ile. Nakumbuka kila kitu nilishika. Hata mlango."

Halafu akamgeukia mama yake, ambaye hakuelewa Kiswahili chetu.

"Mwambie yeye," aliniambia. "Mi nilimwambia niliharibu kazi ya watu. Anaogopa kanisani watu wakimuuliza."

Basi nilisimulia tena, kwa Kinyarwanda, na safari hii hapakuwa na mahali pa kuweka utani hata mmoja. Mukarugwiza aliniacha nimalize.

"Kwa hiyo mwanangu hakukosea."

"Hakukosea, mukecuru," nikamjibu, kwa heshima ya bibi mzee.

"Atarudi kazini lini?"

Nikamwambia mashine imekwenda Kigali, na huko ina fundi wake. Alitikisa kichwa polepole, akafunga mdomo wa gunia, akainuka kwenye kiti chake na kukisukuma kwangu, kwa kuwa nilikuwa mgeni na nimetoka mbali. Nilibaki nimesimama, nimeshika mgongo wa kiti. Narcisse alikuwa ameinama tena kwenye viazi, akiwa na uso wa mtu anayepiga hesabu: saa tatu, miezi mitatu.