Mtoto Aliyetulia Ibadani

Kuku hupita kiwandani wamening'inia miguu juu, na kazi ya Fuatino Leavasa ni kukata bawa la kushoto. La kulia lina mwenyewe. Wanapita mbio kiasi kwamba wenzake husema ukipiga chafya moja umeshapitwa na watano. Ijumaa hiyo Fuatino hakupiga chafya. Alitazama tone la maji kwenye bomba, akajiuliza litaanguka lini, na kuku arobaini wakaenda zao na mabawa mawili mawili.

"Dada, hao wa kwako wataruka," alisema Losivale, mwenzake wa bawa la kulia. "Leo hujameza?"

"Kesho nina mechi."

"Basi tumekwisha."

Daktari wa kliniki ya jirani ndiye aliyempa vidonge vya kutuliza mawazo, baada ya miaka ishirini na sita ya kuitwa mzembe. Siku za mazoezi alimeza, na mpira wa raga ukawa mkubwa kama boga. Angeweza kuusubiri, kuudaka, kuupanda kama angetaka. Chakula kiligeuka mchanga kinywani, moyo ulidunda hadi masikioni, na jua la Queensland, Australia, likimchoma, mwili haukumpa habari. Mara mbili kocha alimtoa kwa nguvu na kummwagia maji. Lakini alijua aliko, na alijua mpinzani aliko.

Siku ya mechi kumeza kulikuwa haramu. Wapimaji huja na vikopo vya mkojo, na kidonge kikionekana bila kibali cha kamati, mchezaji hufungiwa miaka. Kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa hakumeza, na Jumamosi alicheza kama mtu anayesikiliza nyimbo mbili kwa wakati mmoja. Mechi iliyopita alimtazama ndege aliyetua kwenye kona, na winga wa wapinzani akapita kati yake na huyo ndege.

Sasa aliitwa kwenye majaribio ya timu ya jimbo. Akichaguliwa, angepata mkataba wa mwaka mzima na kuagana na kuku. Bila kibali, angeenda huko na ule ule ubongo wa kutazama matone.

Bridget, mwenzake wa timu mwenye tatizo kama lake, alipata kibali kwa wiki mbili. Mama yake ni mwalimu; alipeleka faili lenye ripoti zote za shule tangu chekechea, na barua ya mtaalamu aliyemwona mtoto akiwa na miaka sita. Siku hizi Bridget humeza chake kwenye benchi, mbele ya watu, kama peremende.

Fuatino alimsubiri daktari bingwa miezi minane. Kamati ilitaka ushahidi kwamba tatizo lilianza kabla ya miaka kumi na miwili. Ripoti zake za shule mama yake, Mama Penina, alizichoma zamani pamoja na maganda ya magimbi, mashangazi wasije wakazisoma. Akabaki shahidi mmoja: Mama Penina mwenyewe.

"Mama, sema ukweli tu," alimwomba ndani ya gari, wakienda kwa daktari. "Nilipoteza viatu. Nilikuwa nainuka darasani."

"Nikuseme vibaya mbele ya mzungu? Nina wazimu?"

"Si kunisema vibaya. Ni kwa ajili ya dawa."

"Endesha gari, wewe. Unapita taa nyekundu."

Kweli, alikuwa amepita.

Daktari bingwa alikuwa mama mpole mwenye saa mbili: moja mkononi, nyingine mezani imeelekezwa kwao.

"Akiwa na miaka saba, aliweza kukaa ametulia?"

Mama Penina alijiweka sawa kitini. "Daktari, huyu alikaa ibadani saa tatu nzima, hakutikisa hata unyusi. Mchungaji alikuwa anawaambia watoto wengine wamwangalie."

"Mama."

"Subiri, naongea na mtu."

"Alikuwa akipoteza vitu?"

"Hajawahi. Hata kalamu."

Daktari alimgeukia Fuatino. "Ndivyo unavyokumbuka?"

Fuatino alikumbuka ufagio wa chelewa. Mama alikaa benchi la nyuma nao, na kila kidole cha mguu kilipotikisika, chelewa zilisema na mashavu ya miguu yake. Kufikia miaka saba alikuwa amejifunza kuizunguka dunia yote kichwani, akavuka bahari na kurudi, huku miguu imekaa kama ya sanamu. Akamtazama mama yake, gauni jeupe la kanisani Jumanne hiyo, mkoba umekumbatiwa magotini. Daktari akisikia habari za ufagio, lazima angepiga simu mahali, na Mama angeitwa kuhojiwa.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuwa natulia."

Daktari akaandika. "Mimi huandika nilichoambiwa tu," alisema, akaitazama saa ya mezani.

Barua ya kamati ilifika Alhamisi, siku mbili kabla ya majaribio. Mama Penina alifuta meza kwanza, kisha akaiweka mbele ya bintiye. Yeye mwenyewe Kiingereza cha barua kilimshinda.

"Wanasemaje?"

*Kwa mujibu wa ushahidi wa mama mzazi, dalili hazikuwapo utotoni. Ombi limekataliwa.*

Fuatino aliisoma kimya mpaka mwisho, mahali pa sahihi ya mtu asiyemjua.

"Wanasema mama mzazi ameshuhudia," alisema taratibu, "kwamba mtoto alilelewa vizuri."

"Wameandika mama mzazi? Wapi?"

Akamwonyesha kwa kidole.

"Kwa hiyo Jumamosi unameza?"

"Jumamosi nacheza, Mama."

"Sikukwambia? Hawa ukiwaendea kwa heshima, nao wanakuheshimu." Mama Penina alivaa miwani na kuinyoosha karatasi kwa viganja viwili, polepole, kutoka katikati kwenda pembeni. "Jumapili nitampa mchungaji aisome mbele ya watu. Hebu soma tena hapo waliponitaja."

Fuatino akasoma tena. Midomo ya mama yake ilimfuata, neno kwa neno, juu ya maneno ambayo hayakuwamo.