Ncha ya Buti Kwenye Alama

Otmar alikuwa na dharau ya kukitosha kijiji kizima, na ikabaki ya watu wa ng'ambo ya mlima. Vijana wa duka la skii aliwaita wapiga misumari. Watalii wa kutoka mji wa Ljubljana aliwaita magunia ya viazi. Binti yake, Breda, alikuwa hajapewa jina asubuhi ile, lakini ilikuwa bado mapema.

"Dukani huendi," alisema, akizilaza juu ya meza ya karakana skii mpya za Breda za kutelezea thelujini. "Babu yako alifunga skii za bonde zima kwa mkono."

"Babu alikuwa fundi, baba. Wewe ni mtoto wa fundi."

"Ufundi umo damuni, mama. Shika hapo, usitikise."

Kesho yake Breda alikuwa na mtihani wa ualimu wa skii. Akifeli, mwaka mwingine mzima angekunja mashuka hotelini. Mzee alilijua hilo, na ndiyo sababu alitaka vifungio vya kushikia buti kwenye skii avikaze yeye, ili binti akipita sifa ziwe zake. Tena alimwita jirani yao Cveto aje kushuhudia, na Cveto akaja na chupa ya slivovka, pombe kali ya plamu, maana hakuwahi kushuhudia jambo akiwa na koo kavu.

Otmar aliisimamisha skii juu ya kidole, akafumba macho kama padri, akanusa. Kisha akachukua buti na kuweka ncha yake juu ya alama ya kiwandani iliyo kwenye skii.

Breda aliona. Alama ile ni ya katikati ya buti, na buti lenyewe lina mstari ubavuni wa kulinganishia. Ncha kwenye alama ilikuwa desturi ya skii za mbao, enzi za babu. Alifungua mdomo aseme.

"Watoto wa siku hizi, Cveto," mzee alisema, "hata mguu wao unakaa wapi hawajui. Huyu wangu ndiye wa kwanza."

Breda akafumba mdomo. Tangu utotoni alichekwa mbele ya Cveto, na leo zamu ilikuwa imegeuka.

"Toboa, baba," alisema kwa sauti tamu. "Wewe ndiye unayejua."

Mzee akatoboa kwa keekee, akakaza skrubu zote. Ndipo Breda alipouonyesha kwa kidole mstari wa ubavuni. Cveto alicheka hadi slivovka ikamtokea puani. Breda alifurahi, na furaha ile ilidumu mpaka alipofika dukani.

"Matundu mapya yataangukia karibu na ya zamani," fundi alimwambia. "Lazima tuzibe kwanza, gundi ikauke. Keshokutwa."

Skii za kukodi zilikuwa za wanaojifunza, fupi kuliko kipimo cha mtihani. Akaenda na zile zile. Miguu ilikaa nyuma mno, ncha za mbele zikakataa kugeuka, na kwenye kona ya tatu alikaa kitako mbele ya watahini.

Nyumbani Otmar alikuwa amemchemshia soseji. Alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Nimekuharibia, mama," alisema. Breda hakuwahi kulisikia neno kama hilo kinywani mwake. "Laiti ungeuona ule mstari mapema."

"Niliuona."

"Lini?"

"Kabla hujatoboa."

Breda alingoja matusi, hata akayatamani.

"Ukaniacha nitoboe, ili Cveto anicheke."

"Ndiyo."

Otmar aliivaa kofia yake, akamsogezea sahani.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," alisema, bila hasira. "Kula, soseji inapoa."

Breda alitafuta jibu la kumchoma. Lilikuja upesi, kama kawaida, na safari hii alilionea aibu.