Mgonjwa wa Njia Panda

Jirani yetu anasema dada yangu alianguka njia panda mchana kweupe, akatapika maji meupe, macho yakamgeuka, na vijana wenye vizibao vya njano wakambeba kwa machela huku wameziba pua. Anasema alimwona kwa macho yake haya mawili. Mtaani tunamwita Macho Yangu, kwa sababu huyo mama hajawahi kusimulia jambo la kuambiwa. Yote kayaona mwenyewe, hata yaliyotokea mtaa wa pili yeye akiwa usingizini. Anaongeza kwamba kipindupindu cha dada kimo chumbani mwetu mpaka leo, kimetulia tu.

Ubaya wa maneno yake ni kwamba karibu yote ni kweli. Dada alianguka, alitapika, alibebwa. Ila Macho Yangu hakuona mwisho, maana alishatimua mbio, na wenzake wote nyuma yake.

Hao wenye vizibao ni vijana wa kujitolea. Wamepewa chumba nyuma ya zahanati, na kazi yao ni kutufundisha afya. Nimewatazama tangu walipokuja, kwa kuwa bomba la maji liko mbele ya mlango wao na foleni ya maji humpa mtu nafasi ya kutazama. Nimewaona wakinawa mikono mbele ya simu, wakirudia na kurudia mpaka picha ikae sawa, kisha wakamenya ndizi kwa mikono iliyoshika viatu. Kiongozi wao wanamwita Mratibu. Ana ndevu chache anazozipapasa kama vile zitakimbia, na hawezi kuomba hata kibiriti bila kukohoa kwanza.

Mratibu ana mtindo wake wa kufundisha. Igizo linaanza bila kutangazwa, katikati ya watu, kama jambo la kweli. "Wakijua ni igizo watacheka," huwaeleza wenzake. "Wakidhani ni kweli, watasikiliza." Watu wakishajaa ndipo anapoinua kipaza sauti, mgonjwa anasimama na kuinamisha kichwa, na somo linaanza.

Siku hiyo binti aliyepangiwa ugonjwa alikuja na suruali nyeupe. Akaitazama barabara, akaitazama suruali, akasema yeye chini halali. Mratibu akageuza shingo huku na huku, akamwona dada yangu bombani.

"Samahani dada, una uso mzuri sana wa ugonjwa."

Dada akacheka. "Huu si wa ugonjwa, kaka. Huu ni wa kulea watoto wa watu."

Ndiyo kazi yake. Akina mama wanaotoka alfajiri kwenda vibaruani humwachia watoto, na chumba chetu kimejaa mikeka, nepi kambani na vikombe vya plastiki. Hana kazi nyingine, na wala hajawahi kutamani nyingine. Ilikuwa siku ya mapumziko, watoto wako kwao, na dada ni mtu wa kupenda mzaha. Akakubali. Mratibu mwenyewe, kwa mkono wake, akampa maji ya mchele ayaweke mdomoni, nami nikabaki nimeshika ndoo.

Dada aliugua vizuri mno. Alijikunja, akagaagaa, akaguna mpaka mimi niliyezaliwa tumbo moja naye nikapiga hatua nikamwinue. Watu wakajaa. "Jamani, mpeni maji!" Macho Yangu akapiga kelele, akiwa mbele kabisa. Ndipo dada akayatema. Yaliruka mpaka kwenye viatu vya fundi cherehani, mama wa mmoja wa watoto wetu. Huyo fundi alipopiga yowe, njia panda ilifagiliwa. Kandambili zilibaki pale kama za msibani.

Mratibu akainua kipaza sauti. "Ndugu wananchi, mliyoyaona ni igizo!" Alimweleza mbwa mmoja, na baiskeli iliyoangushwa na mwenyewe.

Niliamini atawafuata. Badala yake aligeuka kwa wenzake, uso unang'aa. "Mmeona walivyokimbia? Ujumbe umefika!" Wakapigiana makofi, wakambeba dada kwa machela ili picha isikosekane, wakaenda zao.

Asubuhi yake hakuja mtoto hata mmoja. Dada akafagia, akakaa, akafagia tena. Jua lilipopanda tukasikia hodi kutoka mbali, kule nje kwenye karo la kufulia.

"Karibu ndani," dada akasema.

"Hapa panatosha, mama," fundi cherehani akajibu. "Nimefuata blanketi la mtoto."

"Shoga, lile lilikuwa igizo!"

"Ndiyo, ndiyo. Pole sana. Utapona."

"Nipone nini? Nilikuwa na maji ya mchele mdomoni!"

"Si ndivyo walivyotufundisha wale vijana? Ukiona mtu anatoa kama maji ya mchele, ndicho kipindupindu chenyewe."

Akavaa mfuko wa plastiki mkononi kama glavu, akalinyanyua blanketi lililoanikwa pale nje kwa ncha ya vidole, akaondoka nalo amelining'iniza mbele kama panya aliyekufa. Blanketi ambalo dada alilifua kwa mikono yake.

Nikamwendea Macho Yangu. Akanisikiliza kwa huruma, jambo lililonitia hasira zaidi ya matusi. "Mwanangu, hao wanaficha," akaninong'oneza. "Ugonjwa mkubwa hautangazwi." Kichwa kile ukikigonga, kinakurudishia hodi yako kama nyumba tupu.

Wiki ikaisha mikeka ikiwa imekunjwa. Dada akaacha kufagia. Hapo nikachukua kikombe anachonywea, nikaenda chumba cha nyuma ya zahanati.

Mratibu akakohoa, akanikaribisha kiti. Nikamweleza taratibu, bila kupandisha sauti. Alivyozidi kusikia ndivyo uso wake ulivyozidi kuchangamka.

"Huo unaitwa unyanyapaa!" akamwambia binti wa suruali nyeupe, kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Hilo igizo tunalo tayari. Dada yake ataigiza mwanamke aliyetengwa. Ana kipaji yule!"

"Na watu wataambiwa saa ngapi kwamba ni igizo?" nikauliza.

"Mwishoni."

Alisema hivyo bila kupepesa. Nikamtazama usoni nione kama kuna mtu ndani.

"Kaka yangu," nikasema, "igizo sitaki. Kesho asubuhi akina mama watakuwa kwenye foleni hapo nje, na fundi cherehani atakuwepo. Njoo usimame na dada yangu. Kipaza sauti kiache humu. Useme ulimpa maji ya mchele wewe, halafu unywe maji kwa kikombe chake, wakuone."

Nikakiweka kikombe mezani. Mratibu akakiangalia. Akavuta karatasi zake upande wake, polepole, zisikiguse, kisha akavuta na kiti nyuma.

"Utakuja?"

Akapapasa ndevu. Binti akainuka, akafungua dirisha.

"Kaka, nakuomba. Utakuja?"