Ngazi Tisini na Moja

Kazini walimwita Macho, na jina lilimkaa. Kampuni yao iliwachagulia watu wenye fedha zao mahali pa kwenda kupumzika. Haikushughulika na yale mahoteli makubwa ambayo wageni wanapishana kwenye lifti kama wako sokoni. Yenyewe ilitafuta hoteli ndogo ndogo za kifahari, za vyumba sita, vyumba tisa: nyumba ya mfinyanzi wa zamani, kinu cha ngano kilichogeuzwa malazi, ghala la chumvi kando ya ziwa linaloganda wakati wa baridi. Zilitoka kila pembe ya dunia. Macho ndiye aliyezichagua, na ndiye aliyeziandika katika kijitabu cha kampuni kilichotoka mara mbili kwa mwaka. Wasomaji waliapa kwamba mwandishi huyu kalala kwenye kila kitanda.

Hakuwa amelala hata kwenye kimoja. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na kwa miaka kumi na mitatu safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa vituo vinne vya basi, nyumbani hadi ofisini. Pasipoti yake ya kwanza ilimaliza muda wake bila kugongwa muhuri hata mmoja. Akachukua ya pili, nayo sasa ilibakiza miezi kumi. Dirisha la mbele ya meza yake lilitazama ukuta wa jengo la jirani, karibu kiasi kwamba angeweza kuupaka rangi bila kuinuka kitini. Chini ya dirisha aliweka mafaili mawili, la kijani la hoteli alizozikubali na jekundu la alizozikataa.

Waliosafiri ni wenzake, na hasa Mpiga Picha, kijana wa miaka thelathini aliyejua kupata mwanga mzuri na asijue kitu kingine chochote duniani. Kila aliporudi, Macho alimketisha mbele ya meza na kumkamua. Habari za machweo na bustani hakuzitaka, picha zilitosha. Alitaka kujua kutoka kitandani hadi chooni ni hatua ngapi. Sakafu inateleza? Mlango wa bafu unafungukia ndani au nje? Ukilalia ubavu wa kushoto unaona nini? Mtu akiita kutoka chumba cha pili, sauti inafika? Mwanzoni Mpiga Picha alijitetea kwamba yeye akigusa mto tu kazi imekwisha, hajui habari za ubavu. Siku hizi alikuwa akihesabu hatua kabla hajafungua begi la kamera, maana alijua akirudi na majibu nusu atatamani ardhi immeze.

Maswali hayo hayakutoka kwenye kitabu chochote. Yalitoka nyumbani, kwenye chumba cha baba yake.

Mzee alikuwa fundi cherehani, na hadi leo alivaa utepe wa kupimia shingoni kama wengine wanavyovaa tai. Miguu yake ilimkatalia mwaka ule ule alipofiwa na mkewe. Mchana alikaa naye jirani, muuguzi mstaafu mwenye roho nzuri na mdomo usiopoa. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi asubuhi, mzee alikuwa wa Macho. Kando ya kitanda palikaa kikombe cha bati na kijiko. Akigonga mara moja, anataka maji. Mara mbili, chooni. Mara tatu hataki kitu, anataka tu kujua kama bintiye yupo, na Macho, popote alipokuwa ndani ya nyumba, alijibu, “Nipo, baba.” Mara tatu ndiyo iliyogongwa zaidi. Zipo siku Macho alitamani kukitupa kile kijiko jalalani, halafu akajichukia kwa kutamani.

Kitu kimoja walikipenda wote wawili. Jioni, baada ya kula, alimsomea mzee hoteli aliyoiandika siku hiyo. Mzee alisikiliza macho yamefumbwa, mkono kwenye utepe, na swali lake lilikuwa lile lile miaka yote.

“Mlango upana gani?”

Macho akimwambia sentimita themanini, mzee anatikisa kichwa kwa kuridhika. “Basi tunapita.” Kiti chake cha magurudumu kilikuwa na upana wa sentimita sitini na mbili, alikipima mwenyewe siku kilipoletwa, akaipima na fremu ya mlango, kisha akamkemea seremala kwa uzembe. Macho aliuchukulia ule usemi kama utani wa fundi, na kusema kweli uliisaidia kazi. Taratibu ukawa mazoea: hoteli ambayo mzee hapiti haikuingia faili la kijani.

Wateja hawakuyajua hayo, lakini waliyanusa. Waliomiminika kwenye kampuni ile walikuwa wajane, wazee, wanandoa ambao mmoja wao anatembea na mwenzake anasaidiwa. Walisema hoteli za kampuni hii zina utu. Mkurugenzi, mtu wa suti na harufu nzuri, aliposoma kwamba Macho amerudia maneno yale yale katika kurasa kumi na moja, hakumkosoa. Aliyafanya kauli ya kampuni. Yakaandikwa kwa herufi za shaba juu ya mlango wa ofisi: UKIITA, UTASIKIKA. Macho alipita chini yake kila asubuhi, akiwa ametoka kuitwa usiku kucha.

Basi mwaka huu likatokea jambo. Mteja mmoja, bibi aliyewahi kuwa hakimu, alikuja ofisini akitaka kumwona mwandishi. Akamuuliza Macho, katika hoteli zote hizi, wewe mwenyewe unaipenda ipi? Macho akaanza kumtajia kinu cha ngano, maneno yale yale ya kijitabuni. Yule bibi alikuwa amesikiliza uongo wa watu maisha yake yote, akajua huyu hajafika. Aliingia moja kwa moja kwa Mkurugenzi, akafunga mlango, na alipotoka Mkurugenzi alikuwa mwekundu masikioni.

Hoteli zilikuwa zikiipa kampuni siku za bure, ili mtu wa ofisini aende akajionee. Kila mwaka Macho alirukwa, na kila mwaka aliambiwa maneno yale yale kwa sauti ya sifa, kwamba yeye akiondoka nani atabaki kuona. Safari hii Mkurugenzi alimwambia achague popote anapotaka duniani. Siku saba, tiketi na chumba, mtu mmoja. Jina la hoteli na la msafiri yampate kabla ya saa kumi na moja Ijumaa, ofisi inapofungwa, la sivyo siku zile zinapotea kama za miaka iliyopita.

Macho alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Akampigia simu mdogo wake, dereva wa malori ya masafa marefu, kiguu na njia, mtu ambaye amevuka mipaka mingi hata hakumbuki na ambaye kwake likizo maana yake ni kutoiona barabara. Alikuwa ndiyo kwanza amepata siku kumi za mapumziko. Alikubali kabla dada yake hajamaliza kumwomba akae na mzee. Alisema atakuja Ijumaa mchana, na kwamba ameona aibu kusubiri mpaka aombwe.

Kazi ikabaki moja, ile aliyoijua kuliko mtu yeyote: kuchagua.

Alhamisi asubuhi alilifungua faili la kijani. Hoteli mia mbili na sita. Alianza kwa raha, kama mtu aliyekaribishwa mezani akiwa na njaa. Nyumba ya mfinyanzi: milango mipana, vitanda viwili, kile cha karibu na mlango kwa ajili ya anayeamka mara kwa mara. Akaiweka kando. Kinu cha ngano: bafu lisiloteleza, vyuma vya kushikilia, kengele kando ya mto. Akaiweka kando. Ghala la chumvi: vyumba vya chini tu, ukuta mwembamba kati ya chumba na chumba, pumzi ya mwenzako inasikika. Kufika saa nane mchana alikuwa amezipitia zote. Hakukuwa na chumba cha mtu mmoja. Katika miaka kumi na mitatu, katika dunia nzima, alikuwa amechagua chumba kimoja tu mara mia mbili na sita, na ndani yake alilala baba yake. Yeye alikuwa kwenye kile kitanda cha karibu na mlango.

Alikwenda msalani akajifungia akalia. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, na alipomaliza alinawa uso, akarudi, akalivuta faili jekundu.

Humo aliikuta karatasi ya miaka sita nyuma, mwandiko wake mwenyewe. Mnara wa zamani wa kuongozea meli, kwenye mwamba, chumba kimoja juu kabisa. Chini yake aliandika: *Haifai. Ngazi tisini na moja, nyembamba. Mlango sentimita hamsini. Kitanda kimoja. Mtu akiita hasikiki.* Picha ilionyesha kitanda chembamba, kiti kimoja, na madirisha pande zote nne, hakuna ukuta wa jirani popote. Aliitazama mpaka ofisi ikawa kimya. Aliitaka kwa namna ambayo ilimwogopesha.

Ijumaa asubuhi alipiga simu. Mwenye mnara alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, na Macho, kwa mazoea, akaanza maswali yake. Akauliza kama kweli mtu akiita kule juu hakuna anayemsikia.

“Hasikiki,” yule mama alisema. “Ndiyo maana watu wanakuja.”

Macho akacheka peke yake ofisini hadi Mpiga Picha akainua kichwa. Akaomba chumba kishikwe. Kwa Mkurugenzi alipeleka jina la mnara, na kuhusu jina la msafiri akaomba asubiri mpaka jioni, maana alitaka baba yake asikie kwanza kutoka kinywani mwake. Mkurugenzi alisema atapiga simu mwenyewe saa kumi na nusu. Macho akapewa ruhusa ya kutoka mapema.

Mdogo wake alikuwa ameshafika, begi lake bado liko ukumbini. Macho alimpa ile karatasi ya mnara aisome palepale. Akaisoma, akamkumbatia dada yake kwa mkono mmoja, akamwambia, “Nenda. Ukikaa hutaondoka tena.” Kisha akamfuata hadi chumbani kwa mzee, akasimama mlangoni.

Mzee alikuwa amenyolewa ndevu, amevaa shati safi, amefurahi kumwona mwanawe. Alipoona karatasi mkononi mwa bintiye alifumba macho na kushika utepe, ingawa bado kulikuwa na jua. Macho alikuwa amepanga kumwambia wazi: baba, naondoka siku saba. Lakini mzee alikuwa ameshakaa mkao wa kusikiliza, na yeye alijua njia moja tu ya kusema naye mambo ya mbali. Akaisoma. Alisoma mwamba, mnara, madirisha manne, ngazi tisini na moja. Sauti yake ilikuwa na kitu kipya ndani yake, na mzee alikisikia, kwa sababu alitabasamu.

“Hii ni nzuri kuliko zote,” alisema. “Mlango upana gani?”

“Hamsini.”

Mzee alifumbua macho. Alivuta utepe taratibu, kidole gumba kikaishia kwenye hamsini, akakitazama. Alikuwa anapiga hesabu kama fundi aliyeletewa kitambaa kisichotosha, na anatafuta namna.

“Sasa,” aliuliza, “mimi umeniweka wapi?”

Hapo ndipo Macho alipoelewa. Mzee hakuwahi kutania. Miaka kumi na mitatu wamekwenda wote wawili, kwenye kinu cha ngano, kwa mfinyanzi, kando ya ziwa la barafu, hoteli mia mbili na sita, na katika kila moja baba yake alipita mlangoni. Kwake yeye hayo ndiyo yalikuwa maisha tangu mkewe afe. Hakuwa na mengine.

“Dada,” mdogo wake alisema kutoka mlangoni. “Mwambie.”

Simu ikaanza kuita mkononi mwa Macho. Saa kumi na nusu.

“Kuna chumba cha chini, baba,” Macho alisema. “Mlango wake mpana. Nilikuwa sijafika hapo.”

“Upana gani?”

“Themanini.”

“Basi tunapita,” mzee akasema, akauachia utepe na kurudisha kichwa kwenye mto.

Mdogo wake alitoka kwenda ukumbini, na zikasikika hatua zake zikienda hadi mlango wa nje na kurudi. Macho alipokea simu akiwa amekaa palepale ukingoni mwa kitanda. Mkurugenzi alikuwa na haraka. Aliuliza jina la msafiri liandikwe vipi, kama lilivyo kwenye pasipoti au vinginevyo.

“Andika la Mpiga Picha,” Macho alisema.

Kisha Mkurugenzi akauliza kama ana hakika, na katika sauti yake mlikuwa na nafuu ambayo hakujua kuificha.

“Nina hakika. Mwambie azihesabu ngazi vizuri. Akirudi nitamuuliza.”

Akakata simu, akaikunja ile karatasi mara nne, akashindwa kuamua aiweke wapi, akabaki nayo kiganjani. Alikuwa karibu na baba yake kiasi cha kumgusa. Mzee alikuwa ameshafumba macho, anatabasamu, tayari yuko mwambani. Mkono wake ukapapasa kando ya kitanda, ukakipata kijiko, ukagonga kikombe mara tatu.

“Nipo, baba,” alisema.