Pini Mdomoni

Mtaa mzima ulimsifu yule fundi cherehani kwa upole. Upole wa wapi! Mtu anayebana pini kwa midomo kutwa, maneno atayapitishia wapi? Mteja akilalamika suruali imembana, jibu lilikuwa "Mm." Binti yake akiomba ruhusa ya kutoka, "Mm." Na mumewe, kinyozi ambaye ulimi wake haupumziki hata siku ya mafua, alipoleta mipango yake ya kuirekebisha nyumba na dunia, naye alipewa "Mm" yake, akaenda zake anatabasamu kama aliyeshinda kesi. Ndoa yao ilikuwa na amani ya kuonewa kijicho. Watu wakamsifu mke. Hakuna aliyezisifu pini.

Lakini kimya kina mambo. Fundi ndiye aliyewashonea sare wasaidizi wote wa zahanati, na kila sare nyeupe, kabla ya kuikabidhi, aliivaa kwanza mbele ya kioo, mlango kaufunga. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake. Basi zahanati ilipotangaza mafunzo ya wasaidizi wapya, wakubwa kwa wadogo, alizitema pini kiganjani akasema, "Naenda." Mumewe alishtuka. Hakuwa amezoea kujibiwa kwa neno zima.

Darasani alikaa na vijana wa kuwazaa, nao wakamwita Mama. Kupima presha alijua upesi, na bandeji aliyoifunga yeye ilikaa kama mkanda wa bwana harusi. Balaa lilikuja siku ya kutoa damu. Walikuwa wakifanyia mazoezi mkono wa plastiki. Fundi akachomoa kifuniko cha sindano, mkono mmoja una bomba, mwingine unatafuta mshipa.

"Mama!" Sista mwalimu akapiga kelele. "Toa hicho mdomoni!"

Fundi akajigusa. Kweli, kifuniko kilikuwa kimebanwa katikati ya midomo, kimetulia kama mwenyeji. Hakumbuki kukiweka. Mkono ulikipeleka wenyewe, njia uliyokuwa ukiijua miaka yote.

Siku ya pili wakamvalisha barakoa. Mkono ukapeleka kifuniko kulekule, kikagonga kitambaa, kikaanguka sakafuni. Vijana wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Sista akamvuta pembeni. "Mama, mimi nakupenda. Ila vijidudu havijui kupenda. Ijumaa ni mtihani. Kifuniko kinakaa kwenye sinia. Kikigusa mdomo, au kikianguka, unarudi kwenye cherehani yako, na mimi nitakuja unishonee gauni huku nalia."

Nyumbani likakaa baraza. Binti, ambaye ana dawa ya kila kitu, akasema, "Mama, tuzipake pini pilipili. Ukionja mara moja, mdomo utashika adabu."

Zikapakwa. Fundi, kichwa kiko kwenye pindo la pazia la mtu, akasahau. Kesho yake alikwenda darasani midomo imevimba kama mito ya kochi.

"Mama, nani kakupiga?" vijana wakauliza.

"Pilipili," akasema, lakini kwa midomo ile nani angeelewa? Jioni kinyozi alirudi analalamika. "Mke wangu, wateja wananitazama vibaya. Mmoja kaniambia nimnyoe taratibu, eti mkono wangu umeshajulikana!"

Lakini pilipili ilileta jambo ambalo binti hakulitarajia. Midomo iliyoungua haikuweza kubana kitu, na ilipokaa mitupu ikaanza kusema. Fundi akiwa darasani akajikuta anauambia mkono wa plastiki habari za mteja aliyenenepa katikati ya vipimo. Alipomaliza kusema, damu ya bandia ilikuwa ndani ya kichupa, na kifuniko kilikuwa kwenye sinia. Kumbe ndiyo dawa yake! Mdomo unaosema haubebi mzigo.

Kikabaki kitu kimoja. Siku ya mtihani kila mwanafunzi aje na mgonjwa wake, mwenye mkono wa nyama.

"Baba watoto, nataka mkono."

"Wa nini?"

"Wa kuchomwa sindano."

"Chukua wa jirani."

"Wa jirani nitauomba kwa ndoa ipi?"

Kinyozi ni mtu anayepitisha wembe kwenye koo za watu huku akisimulia mpira, lakini sindano akiiona tu hunyauka kama shati lililokamuliwa. Ijumaa hiyo alivaa viatu vyake vya harusini, akaenda.

Chumba kilinuka spiriti. Sista alisimama ukutani, kalamu mkononi. Kinyozi akaketi, akanyoosha mkono, akafumba macho, na jasho likaanza kumshuka. Fundi akamfunga mpira juu ya kiwiko, akapangusa kwa pamba. Kisha akachomoa kifuniko, na akauona mkono wake unaanza safari. Umefika usawa wa kifua. Umefika kidevuni.

Sema kitu, mwanamke! Sema chochote!

"Ile rangi ya kijani ukutani," akasema. "Mimi siipendi."

Kinyozi akafumbua macho. "Rangi gani?"

"Ya sebuleni." Kifuniko kikatua kwenye sinia. "Tunakaa kama vyura."

"Lakini nilikuuliza! Ukaniambia 'Mm'!"

"Nilikuwa na pini mdomoni. Sasa utasikia kachomo kadogo."

"Kachomo ngoja kwanza! Na kochi lile la duara?"

"Mm ile ilikuwa hapana."

"Na mama yangu alipokuja kukaa mwaka mzima?"

"Ile ilikuwa ndiyo. Mama yako nilimpenda. Bonyeza pamba hapo."

Kinyozi akatazama mkono wake. Kichupa kilikuwa kimejaa, sindano imeshatupwa kwenye boksi lake, naye hakuzimia. Akataka kuzimia kwa heshima ya jambo lenyewe, lakini wakati ulikuwa umempita.

Sista alikuwa ameuma kalamu asicheke. "Mama, umesema mengi."

"Najua, Sista."

"Mgonjwa wako alikuja ameloa jasho, na sindano hakuiona." Akasogea, akakagua sinia, akakiona kifuniko kimelala palepale panapotakiwa. "Endelea kusema hivyohivyo. Umefaulu."

Wiki iliyofuata fundi alikuwa kwenye cherehani yake, anapinda sare nyeupe. Safari hii haikuwa ya mtu mwingine, na mlango ulikuwa wazi. Nyumbani ni nyumbani, pini zilikuwa zimerudi mahali pake. Kinyozi akaingia na brashi na makopo mawili, ulimi wake umeshatangulia.

"Mama watoto, nimeleta ya maziwa na ya bluu ya mbali. Mimi naona ya bluu inafaa, au siyo?"

"Mm," akasema fundi.

Kinyozi akageukia ukuta wa kijani, akachovya brashi. Kisha akasimama. Akairudisha brashi kwenye kopo, akaja mpaka kwenye cherehani, akamkingia mkewe kiganja chini ya kidevu, cha mkono uleule uliochomwa Ijumaa.

"Tema kwanza, mke wangu," akasema. "Halafu tuseme rangi."